Pafu si figo: maji ya kuhifadhia mapafu ya kupandikizwa yametoka wapi na yamefika wapi

MuuguziWaThieta

Salaam wakuu. Kwenye ule uzi wa figo kuna mtu aliuliza kwa nini figo inakaa kwenye barafu hata siku nzima na bado inafanya kazi, ilhali pafu likipita saa 6 hadi 8 watu thieta wanaanza kutazama saa ya ukutani. Niliahidi kumjibu, jibu likawa refu, nimeona nilifungulie uzi wake. Nafanya kazi thieta ya upasuaji wa kifua huku Kanada, kwa hiyo mengine nayaona kwa macho na mengine nayasoma.

Nianze na kinachoniumiza. Wachangiaji wengi wa viungo ni watu ambao ubongo umekufa huku moyo bado unapiga. Kwa watu hao, mapafu yanayokubalika kupandikizwa ni kama 1 kati ya 5. Mengine yamejaa maji, yana nimonia, yamepondeka ajalini, au timu inaogopa tu kuyachukua. Na hata yaliyokubaliwa, kuna yanayogoma ndani ya saa 72 za kwanza: yanavimba kwa maji, oksijeni ya damu inashuka, mgonjwa anabaki kwenye mashine ya kupumulia wiki nzima au zaidi. Hilo linaongoza kwa kuua wagonjwa mapema baada ya upasuaji. Sehemu kubwa ya madhara inaanzia kwenye lile pengo la tangu damu ikatwe kwa mchangiaji mpaka irudishwe kwa mpokeaji. Katika pengo hilo kinachotegemewa zaidi ni ubaridi na maji ambayo pafu limeoshwa nayo.

Mtu wa kwanza kupandikiza pafu kwa binadamu ni James Hardy, Mississippi, Marekani, tarehe 11 Juni 1963. Mgonjwa aliishi siku 18. Baada ya hapo ikapita miaka 20 ya majaribio ambayo wagonjwa karibu wote walikufa mapema, mpaka mwaka 1983 Joel Cooper na timu yake ya Toronto General walipompandikiza mtu pafu moja akaishi zaidi ya miaka 6. Miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na maji maalumu ya pafu. Lilipozwa kwa kutumbukizwa katika maji baridi, na mara nyingi mchangiaji mwenyewe aliletwa hospitali ileile ili muda usipotee.

Upandikizaji ulipoongezeka, madaktari wakachukua maji yaliyokuwepo tayari: ya figo. Hapa ndipo penye kiini cha uzi huu, nitakwenda polepole.

Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Nje ya seli ni kinyume chake. Kwenye ukuta wa seli kuna pampu inayolinda tofauti hiyo usiku na mchana, na inakula nishati. Ukiipoza seli, pampu inasimama. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba hadi kupasuka. Mwaka 1969 Geoffrey Collins na wenzake huko Los Angeles wakaja na wazo zuri: kama pampu italala, basi tufanye maji ya nje yafanane na ya ndani, potasiamu juu, sodiamu chini, ili pasiwe na cha kuingia wala kutoka. Figo za mbwa zikadumu saa 30. Ulaya wakayarekebisha yakaitwa Euro-Collins, na miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Wisconsin wakatoa maji yao ambayo yalibadilisha kabisa upandikizaji wa ini. Yote mawili yana potasiamu zaidi ya milimoli 100 kwa lita. Damu yako wewe unayesoma hapa ina 3.5 hadi 5.

Sasa mimina potasiamu ya kiasi hicho kwenye mishipa ya pafu. Mishipa inajikunja. Ikishajikunja, maji hayafiki kila kona. Sehemu moja ya pafu inaoshwa vizuri na kupoa, jirani yake inabaki na damu ndani na joto lake. Ngozi laini inayotanda ndani ya mishipa nayo inaumia, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia maji ya damu yasivujie kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana hadi leo mchangiaji anapewa kwanza prostaglandini, dawa ya kulegeza mishipa, kabla ya kuoshwa mapafu.

Miaka hiyohiyo ya 1980 watafiti wa Japani, Fujimura na wenzake, walikuwa wameshaonyesha kwa mbwa kwamba maji yenye chumvi zinazofanana na za damu yanalihifadhi pafu vizuri kuliko Euro-Collins. Mwaka 1989 Shaf Keshavjee, wakati huo kijana kwenye maabara ya Toronto, akachapisha kazi yake ya mapafu ya mbwa yaliyohifadhiwa saa 12 kwa maji ya potasiamu kidogo yaliyotiwa dekstrani. Yaliyooshwa kwa Euro-Collins yalifanya vibaya, haya yakafanya vizuri. Kutoka hapo ndipo tukafika kwenye Perfadex, inayotengenezwa Sweden, ambayo leo ndiyo iko kwenye thieta nyingi za mapafu duniani. Potasiamu yake ni milimoli 6 kwa lita, sodiamu 138. Dekstrani iliyomo ni gramu 50 kwa lita, na glukosi kidogo.

Dekstrani ni sukari yenye minyororo mirefu. Kwa ukubwa wake haitoki kirahisi kwenye mishipa, kwa hiyo inayashikilia maji humo yasivujie kwenye pafu. Pia inazuia chembe nyekundu zisigandamane na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisinate kwenye mishipa midogo. Glukosi ipo kwa sababu ya jambo ambalo figo hailijui kabisa: pafu lililokatwa damu bado lina hewa ndani. Seli zake zinaendelea kupumua taratibu kwa oksijeni iliyoko kwenye vifuko, na zinahitaji chakula kidogo. Figo ikikatwa damu imekatwa oksijeni papo hapo. Ukilitendea pafu kama figo unalinyima faida ambayo linayo lenyewe.

---

Kibokoni_MSA

Mkuu asante sana kwa madini haya. Swali la mtu wa pwani: kwa nini wasiligandishe kabisa kama samaki wa kwenda Nairobi? Likiwa gumu kama jiwe halitaoza, litakaa hata mwezi.

---

MuuguziWaThieta

Kibokoni, samaki unamgandisha akiwa ameshakufa na unataka nyama tu. Pafu tunalitaka likiwa hai. Maji yaliyo ndani ya seli yakiganda yanakuwa vipande vyenye ncha vinavyochana kuta. Likiyeyuka, linavuja lote.

Na tena si lazima ligande ndipo liumie. Kwa njia ya kawaida pafu linawekwa kwenye mifuko 3 tasa, mmoja ndani ya mwingine, wa ndani ukiwa na maji ya kuhifadhia, kisha linakwenda kwenye deli la barafu. Ule mguso wa barafu unashusha upande mmoja wa pafu karibu na sifuri, upande mwingine uko juu kidogo. Hilo nitalirudia kwa sababu ndipo mambo mapya yalipo.

Kwanza niwaeleze kuosha kwenyewe kunavyokuwa, maana watu wengi wanadhani ni kumwaga maji tu. Mrija unaingizwa kwenye ateri ya pafu, karibu na moyo. Mfuko wa maji baridi unaning'inizwa juu kiasi cha sentimeta 30 tu, yashuke kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa kwa nguvu. Kipimo ni kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili. Mashine inaendelea kuyapumulisha mapafu muda wote ili mishipa ikae wazi. Unayaona yanabadilika mbele yako: yanaanza na waridi iliyokolea, kisha mabaka meupe yanatokea mbele, yanatambaa kuelekea nyuma, mpaka pafu zima linakuwa jeupe na laini, na maji yanayotoka upande wa pili yanakuwa safi. Likibaki baka jekundu, kila mtu analikodolea macho.

Baadaye linaoshwa mara ya pili kinyumenyume, kupitia mishipa ya vena, ile inayorudisha damu kutoka kwenye pafu kwenda kwenye moyo, kama mililita 250 kwa kila mmoja. Hapo ndipo nilipoacha kulichukulia hili kama jambo la kitabuni. Pafu limeshakuwa jeupe, unadhani kazi imekwisha, halafu kwenye ateri vinaanza kutoka vipande vya damu iliyoganda, vingine virefu kama kidole. Vingebaki mle vingeingia kwa mpokeaji.

Mwisho pafu linafungwa likiwa limejaa hewa nusu, oksijeni kama asilimia 50. Halijazwi pomoni, hasa kama litapanda ndege, kwa sababu hewa hupanuka angani na vifuko vinaweza kupasuka.

---

DkMsafiri

Dada, umeeleza vizuri mno. Niongeze neno la tahadhari kwa wasomaji. Ushahidi wa potasiamu kidogo kwa wanyama ni mzito, lakini kwa binadamu sehemu kubwa ni kulinganisha wagonjwa wa kabla na wa baada ya hospitali kubadilisha maji. Miaka hiyohiyo walibadilisha pia dawa za kushusha kinga ya mwili, namna ya kupumulisha, na uchaguzi wa wachangiaji. Ripoti nyingi zinaonyesha mapafu yalifanya vizuri zaidi baada ya mabadiliko, ila chache hazikuona tofauti kubwa. Tusiseme maji peke yake yameokoa watu wote hao.

Jambo la pili, Perfadex haikuzaliwa imekamilika. Kabla ya kutumika ilibidi itiwe kalisi, na trometamoli ya kurekebisha asidi, maana ikiachwa hivihivi asidi inapanda. Vituo vingine vinaongeza nitrogliserini, nayo ni dawa ya kulegeza mishipa. Na si maji pekee yaliyopo: Ufaransa ilitoa Celsior, na Kyoto wana ya kwao yenye trehalosi, sukari inayolinda kuta za seli.

---

MuuguziWaThieta

Dokta, nakubaliana na wewe, na nashukuru umelisema kabla mtu hajakimbilia kuandika mitandaoni kwamba kuna maji ya miujiza. Nami naona faida kubwa haikuwa ya kiambato kimoja. Ilikuja watu walipoacha kuuliza "tunayo maji gani?" wakauliza "pafu lenyewe linahitaji nini?" Potasiamu kidogo ni jibu mojawapo. Hewa ndani ni jingine. Mwaka 2000 Stig Steen wa Lund, Sweden, akaja na jibu la tatu: usilihifadhi tu, liamshe ulipime. Alichukua pafu la mtu aliyekufa kwa moyo kusimama, akalipasha joto nje ya mwili, akalipitishia maji yake yenye albumini (protini ya damu) na dekstrani, akaona linabadilisha hewa vizuri, akampandikiza mgonjwa. Ripoti ilitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2001.

Toronto wakaiendeleza njia hiyo mpaka pafu likaweza kukaa kwenye mashine saa 4 na zaidi kwa nyuzi 37, linapumua ndani ya kuba la plastiki. Mwaka 2011 walitangaza wagonjwa 20 waliopewa mapafu ambayo awali yalitiliwa shaka. Kugoma kwa pafu katika saa 72 kulikuwa asilimia 15 kwao, na asilimia 30 kwa wagonjwa 116 wa njia ya kawaida. Idadi ilikuwa ndogo kusema kwa uhakika wa takwimu kwamba ni bora, lakini ilitosha kuonyesha kwamba mapafu yaliyokuwa yanatupwa hayakuwa mabaya kuliko yale mazuri. Fikiria ni watu wangapi walikufa wakisubiri wakati mapafu ya namna hiyo yanaachwa.

---

FundiFriji

Mimi ni fundi wa majokofu, mambo ya seli siyajui, lakini hapo kwenye barafu umenigusa. Kama barafu inapoza upande mmoja kuliko mwingine, kwa nini wasitumie boksi lenye kidhibiti joto? Na nyuzi ngapi hasa ndizo zinatakiwa?

---

MuuguziWaThieta

Fundi, umeuliza swali ambalo limechukua miaka zaidi ya 30 kujibiwa.

Mwaka uleule wa 1989, hapohapo Toronto, kundi la Cooper lilipima mapafu ya sungura kwenye joto tofauti likakuta nyuzi 10 zinafanya vizuri kuliko nyuzi 4. Matokeo yakachapishwa, watu wakayasoma, na kila hospitali ikaendelea na barafu. Barafu ni rahisi, ipo kila mahali, haihitaji umeme, na haiharibiki njiani. Sasa hivi tukitazama nyuma inasikitisha, lakini mimi siwalaumu. Kubeba kitu kwa nyuzi 10 kamili kwenye ndege wakati ule kulikuwa kazi kubwa.

Kisha Marcelo Cypel, daktari wa upasuaji wa Toronto, na wenzake wakalifufua wazo hilo la nyuzi 10. Mwaka 2021 walionyesha mapafu ya nguruwe yaliyokaa saa 36 kwa nyuzi 10 na bado yakafanya kazi vizuri kuliko yale ya barafu. Walipochungulia ndani ya seli wakakuta sababu kwenye mitokondria, zile injini za seli. Kwa nyuzi 4 zinaharibika. Kwa nyuzi 10 zinapunguza mwendo lakini zinabaki nzima, na pafu linakuwa na akiba zaidi ya vitu vinavyolilinda kama itakonati na glutamini. Maji ni yaleyale ya potasiamu kidogo. Kilichobadilika ni joto.

Mwaka 2023 wakatoa matokeo ya wagonjwa 70 kutoka Toronto, Vienna na Madrid. Mapafu yaliyopatikana usiku hayakupandikizwa usiku. Yaliwekwa kwenye boksi la nyuzi 10, upasuaji ukafanyika asubuhi. Mengi yalipita saa 12 nje ya mwili. Kugoma kwa pafu hakukuwa kwingi kuliko kwa wagonjwa wa kawaida waliolinganishwa nao.

Kwa mtu wa nje huenda lisionekane jambo kubwa. Kwa sisi tunaoshika vyombo saa 9 usiku, ni jambo kubwa sana. Daktari anashona mishipa akiwa ameshapata usingizi wake wa usiku. Vipimo vya mgonjwa vina muda wa kurudiwa. Wagonjwa 2 wakipata mapafu usiku mmoja, hakuna wa kuachwa kwa sababu timu ni moja. Na mji ulio mbali sana, ambao zamani pafu lake halikuweza kufika kwa wakati, sasa unaingia kwenye hesabu.

---

FundiFriji

Nimekuelewa vizuri mkuu. Boksi la nyuzi 10 ni kazi ndogo kwa teknolojia ya sasa, hata betri ya kawaida inalibeba. Ugumu ni joto lisipande na kushuka, maana kidhibiti cha bei rahisi kinacheza nyuzi 2 au 3 kila upande.

---

Kibokoni_MSA

Na huku kwetu je? Afrika Mashariki hili lipo?

---

DkMsafiri

Kibokoni, figo zipo. Muhimbili walianza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata mwaka 2018, na Kenya wana wao wa muda mrefu. Lakini figo hizo zinatolewa na ndugu aliye hai, mara nyingi thieta 2 zimepakana, kwa hiyo suala la kuhifadhi saa nyingi halipo. Mapafu kwa kawaida yanatoka kwa mtu aliyekufa ubongo, na huo ni mfumo mwingine kabisa: sheria, vipimo vya kuthibitisha kifo cha ubongo, familia kuombwa idhini katika saa ngumu kuliko zote, na timu inayosubiri. Barani kwetu mapafu yanapandikizwa Afrika Kusini.

Ipo njia ya ndugu walio hai hata kwa mapafu. Wawili wanatoa kila mmoja kipande cha chini cha pafu lake. Japani wana uzoefu nayo, na Aprili 2021 Kyoto walimpandikiza mama aliyeharibiwa mapafu na COVID-19 vipande kutoka kwa mumewe na mwanawe. Lakini hiyo inaweka watu 3 mezani kwa ajili ya mmoja, sioni kama ni mahali pa kuanzia.

---

Mama_Nuru

Habari zenu. Nimesoma uzi wote, mengine nimeyarudia. Mimi niko Uingereza na dada yangu yuko kwenye orodha ya kusubiri mapafu, ana ugonjwa wa mapafu kuwa magumu. Alishaitwa usiku, tukakimbia na begi, tukakaa mpaka alfajiri tukaambiwa mapafu hayakufaa, turudi nyumbani. Alilia njia nzima. Sasa akiitwa tena akaambiwa mapafu yamelala kwenye boksi usiku kucha, akubali? Anaogopa kupewa kitu kilichokaa.

---

MuuguziWaThieta

Pole sana Mama Nuru, na umpe dada pole. Ile safari ya kurudi na begi ni ngumu, lakini usiku ule kuna mtu aliyatazama mapafu yale kwa makini akakataa kumpa dada yako pafu baya. Kukataa kwake kulikuwa kumlinda.

Kuhusu kukaa usiku kucha: saa peke yake hazitoshi kukuambia pafu ni zima au la. Saa 10 kwenye barafu na saa 10 kwenye nyuzi 10 si kitu kimoja. Asubiri kuitwa ndipo aulize? Hapana, siku hiyo atakuwa na hofu na kila kitu kitakwenda mbio. Aulize kliniki ijayo, akiwa ametulia, na wewe uwepo uandike. Waulize kituo chao kinahifadhi kwa barafu au kwa nyuzi 10. Waulize kama wana mashine ya kulipima pafu lenye mashaka kabla ya kulipandikiza. Waulize wakipata pafu usiku wanapasua saa ngapi, na kikomo chao cha saa ni kipi. Ni maswali halali kabisa, mratibu wa upandikizaji ameyazoea na atamjibu bila kuchukia.

Mimi nikiwa mahali pake, pafu lililooshwa vizuri likakaa nyuzi 10 mpaka asubuhi, likashonwa na daktari aliyepata usingizi, ningelipokea.

---

Mama_Nuru

Kliniki ni Alhamisi. Nimeyaandika yote manne. Mungu akubariki dada yangu, nitarudi kuwaambia wamesemaje.